Chekechea: Nusu Siku au Siku Nzima, na Nani Alipe?

Chekechea ya nusu siku humpokea mtoto asubuhi na kumruhusu kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Muda wake huwa kati ya saa mbili na nusu na saa nne. Chekechea ya siku nzima humbakiza mtoto mpaka alasiri, kwa muda wa saa sita hivi, na ndani ya muda huo hupata chakula, mapumziko na pengine usingizi wa mchana. Tofauti ya saa tatu inaonekana ndogo, lakini imebeba mambo mazito: mshahara wa mwalimu wa pili, sahani ya chakula, chumba cha ziada, na nafasi ya mama kumaliza kazi ya siku bila kuikatiza njiani.

Kwa sababu hiyo, mjadala wa nusu siku na siku nzima hauwezi kutenganishwa na mjadala wa malipo. Mtoto wa miaka mitano anahitaji mtu mzima wa kumwangalia kuanzia asubuhi hadi jioni, awe shuleni au nyumbani. Serikali isipozilipia saa hizo, mtu mwingine atazilipia, na mara nyingi atakuwa yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Nusu siku ilikotoka

Friedrich Froebel, mwalimu wa Kijerumani, alianzisha taasisi ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten. Aliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, kuimba, kutunza bustani na kushika vitu kwa mikono yake. Mawazo yake yalienea Ulaya na kuvuka bahari. Mwaka 1873, Susan Blow alifungua chekechea ya umma katika mji wa St. Louis, Marekani, ndani ya mfumo wa shule za mji. Tangu hapo fedha za walipakodi zikaanza kutumika kumsomesha mtoto ambaye hajafika darasa la kwanza.

Katika miongo ya mwanzo, chekechea nyingi za Marekani ziliwaweka watoto kwa sehemu kubwa ya siku. Hali ilibadilika katikati ya karne ya 20. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia walimu walipungua, na baada ya vita watoto walizaliwa kwa wingi kuliko madarasa yaliyokuwepo. Shule zikaamua kugawa siku: kundi moja asubuhi, kundi la pili mchana, mwalimu yule yule, chumba kile kile. Mwalimu aliyekuwa akifundisha watoto 25 sasa alihudumia 50 bila gharama kupanda.

Mpango huo wa dharura ulizoeleka mpaka ukaonekana kana kwamba ndio uliokusudiwa. Wapo wanaoutetea leo kwa hoja kwamba mtoto mdogo huchoka, na hoja hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, nusu siku ilienea zaidi kwa sababu ya uhaba wa walimu na majengo kuliko kwa sababu ya utafiti wowote kuhusu uchovu wa mtoto.

Hali ya Afrika Mashariki

Tanzania Bara iliifanya elimu ya awali ya mwaka mmoja kuwa ya lazima kupitia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014. Kuanzia Januari 2016, ada na michango ya lazima ikaondolewa katika shule za serikali kuanzia darasa la awali mpaka kidato cha nne. Wazazi waliitikia kwa kishindo. Uandikishaji wa awali uliokuwa milioni moja na ushei mwaka 2015 ulipita milioni 1.5 mwaka uliofuata. Madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo, na kiwango rasmi cha mwalimu mmoja kwa watoto 25 kikabaki kuwa lengo la kwenye karatasi katika shule nyingi.

Zanzibar ilitangulia. Sera yake ya elimu ya mwaka 2006 iliingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima, na pale ambapo skuli zilikuwa mbali, vituo vya jamii vya Tucheze Tujifunze, vinavyojulikana kwa kifupi kama TuTu, viliwakusanya watoto wafuate vipindi vya redio wakiongozwa na mlezi wa hapo hapo kijijini.

Kenya ilichukua njia nyingine. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2003, chekechea haikuhusishwa, na baadhi ya wazazi wakaona afadhali kuwarusha watoto moja kwa moja hadi darasa la kwanza. Katiba ya mwaka 2010 ikaikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti. Mtaala wa sasa una miaka miwili, PP1 na PP2, na unapanga vipindi vitano vya dakika 30 kwa siku, yaani saa mbili na nusu za masomo. Kwa kuwa kila kaunti ina bajeti yake, mshahara wa mwalimu, ubora wa darasa na mzigo wa mzazi hutofautiana kutoka kaunti moja hadi nyingine.

Kwa hiyo chekechea ya umma katika ukanda huu, kwa sehemu kubwa, ni ya nusu siku. Katika shule nyingi za vijijini Tanzania, darasa la awali huanza mnamo saa mbili asubuhi. Watoto huimba, huhesabu kwa vizibo vya soda na vijiti, huandika herufi mchangani kwa kidole, na hunywa uji pale ambapo wazazi wamechanga unga. Ikifika saa tano au saa sita wanaruhusiwa. Mtoto anarudi nyumbani kwa miguu, mara nyingi akiwa na watoto wenzake tu, wakati mama yuko shambani au gengeni. Nyumbani anamkuta bibi, au dada yake wa miaka kumi ambaye siku hiyo hakwenda shule ili amsubiri mdogo wake, au jirani mwenye watoto wake wanne wa kuangalia. Siku nyingine hamkuti mtu.

Mjini shida ni hiyo hiyo, ila imegeuka pesa taslimu. Mama anayefanya kazi kiwandani au anayeuza chakula cha mchana hawezi kuacha kazi saa tano na nusu kwenda kumchukua mtoto. Inabidi amlipe dereva wa bajaji, kisha amlipe dada wa kazi au kituo cha kulelea watoto mpaka jioni. Asipoweza, humhamishia mtoto shule binafsi inayokaa naye siku nzima, ambako ada, chakula na usafiri vyote viko juu yake. Elimu inayoitwa bure inaishia kumgharimu kwa sababu tu inakwisha kabla ya kazi yake.

Saa za ziada zinamletea mtoto nini

Utafiti unaolinganisha nusu siku na siku nzima umefanywa zaidi Marekani, ambako mifumo yote miwili imekuwepo bega kwa bega. Matokeo yake yanahitaji kusomwa kwa utulivu.

Jill Cannon, Alison Jacknowitz na Gary Painter walichapisha mwaka 2006 uchambuzi wa takwimu za kitaifa za watoto walioanza chekechea mwaka wa masomo wa 1998/99. Waliosoma siku nzima walimaliza mwaka wakiwa mbele katika kusoma na kuhesabu. Faida hiyo ilififia taratibu, na kufikia darasa la tatu ilikuwa karibu imetoweka. Baadaye Chloe Gibbs alichunguza shule za jimbo la Indiana ambako nafasi za siku nzima ziligawiwa kwa bahati nasibu, na hivyo kulinganisha watoto wasiotofautiana kwa hali ya nyumbani. Alikuta ongezeko kubwa la uwezo wa kusoma mwishoni mwa mwaka, hasa kwa watoto wa asili ya Amerika ya Kilatini, ambao wengi wao walianza wakiwa nyuma. Huko Chicago, Arthur Reynolds na wenzake walilinganisha mwaka 2014 madarasa ya awali ya saa saba na ya saa tatu katika vituo vinavyomhudumia mtoto pamoja na mzazi. Watoto wa siku nzima walikuwa tayari zaidi kuanza shule, na walihudhuria kwa ukawaida zaidi. Hilo la mahudhurio halishangazi: mzazi ana sababu nzuri zaidi ya kumpeleka mtoto mahali panapomwachia siku ya kazi.

Wakati huo huo, mpango wa awali unaotajwa kuliko yote duniani ulikuwa wa nusu siku. Mpango wa Perry katika mji wa Ypsilanti, Michigan, ulioendeshwa kati ya 1962 na 1967, uliwachukua watoto kwa saa mbili na nusu tu kila asubuhi. Mwalimu mmoja alikuwa na watoto wasiozidi sita hivi, na kila wiki alimtembelea kila mtoto pamoja na mama yake nyumbani kwao. Watoto 123 wa familia maskini, walioshiriki na wasioshiriki, walifuatiliwa mpaka utu uzima. Walioshiriki walimaliza shule kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi.

Kwa upande mwingine, saa nyingi zenye huduma duni zinaweza kudhuru. Mwaka 1997 jimbo la Quebec, Kanada, lilianza kutoa malezi ya watoto kwa dola 5 kwa siku. Akina mama wengi walipata ajira, lakini Michael Baker, Jonathan Gruber na Kevin Milligan walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto waliokuwa na haki ya huduma hiyo walionyesha wasiwasi na ukali zaidi kuliko wenzao wa majimbo mengine. Huduma ilipanuka haraka kuliko ubora wake.

Ushahidi huu ukiunganishwa, unatoa maelekezo matatu. Saa za ziada humsaidia mtoto zikiwa na mwalimu aliyefunzwa na kundi dogo. Humsaidia zaidi mtoto ambaye nyumbani hakuna vitabu, chakula cha uhakika wala mtu mzima wa kukaa naye. Na faida yake haidumu ikiwa darasa la kwanza na la pili ni duni, kwa kuwa mtoto aliyetangulia husubirishwa mpaka wengine wamfikie.

Gharama iko wapi

Kubadili nusu siku kuwa siku nzima hugusa mafungu manne. La kwanza ni mishahara, ambalo kwa kawaida ndilo kubwa kuliko yote. Shule yenye makundi mawili yanayopokezana mwalimu mmoja itahitaji walimu wawili. La pili ni majengo: makundi hayo yatahitaji vyumba viwili, vyoo vya watoto wadogo na mahali pa kulala. La tatu ni chakula, kwani haiwezekani kumbakiza mtoto wa miaka mitano mpaka saa tisa alasiri kwa kikombe cha uji cha saa nne. La nne ni mtu mzima wa pili darasani, kwa sababu watoto hao wanahitaji kunawishwa, kulazwa na kupatanishwa wakigombana, na mwalimu peke yake hawezi kufundisha na kufanya hayo yote.

Serikali inayoongeza saa bila kuongeza mafungu hayo hugeuza chekechea kuwa mahali pa kuwekea watoto. Ndiyo sababu swali la nani alipe linapaswa kujibiwa kabla ratiba haijabadilishwa.

Waliokwisha kuamua

Jimbo la Colorado, Marekani, ni mfano mzuri wa kilichotokea pale malipo yalipogawanywa katikati. Kwa miaka mingi jimbo hilo lilizipa shule za wilaya asilimia 58 tu ya fedha za mwanafunzi wa kawaida kwa kila mtoto wa chekechea. Wilaya zilizotaka siku nzima zilitafuta fedha kwingine, na nyingi ziliwatoza wazazi dola mia kadhaa kwa mwezi. Katika shule moja ya umma, mtoto wa mwenye nacho alibaki mpaka alasiri na mwenzake akaondoka mchana. Gavana Jared Polis aliomba kura mwaka 2018 akiahidi kuondoa hali hiyo, na Mei 2019 akasaini sheria inayolipia siku nzima kikamilifu. Jimbo lilitenga takriban dola milioni 175 kwa mwaka wa kwanza. Wazazi bado wana hiari ya kuchagua nusu siku, ila uamuzi huo hauongozwi tena na mfuko.

Jimbo la Ontario, Kanada, lilienda hatua kwa hatua. Charles Pascal, mshauri aliyeteuliwa na serikali, alitoa ripoti yake Juni 2009. Utekelezaji ulianza Septemba 2010 kwa watoto wa miaka minne na mitano katika baadhi ya shule, na kukamilika Septemba 2014. Darasa lenye watoto zaidi ya 15 hupewa mwalimu pamoja na mlezi aliyesomea makuzi ya mtoto. Gharama ilifika takriban dola bilioni 1.5 za Kanada kwa mwaka. Mwaka 2012, tume ya mchumi Don Drummond ilishauri mpango usitishwe ili kuokoa fedha za jimbo, lakini serikali ikaendelea. Saa za masomo hulipiwa na umma, na mzazi anayetaka mtoto aje mapema zaidi au abaki baada ya masomo huchangia, huku wa kipato kidogo akipunguziwa.

Ufaransa imezoea siku nzima kwa vizazi vingi. Shule ya watoto wadogo huchukua saa 24 kwa wiki na haina ada katika shule za umma, na tangu Septemba 2019 ni ya lazima kuanzia miaka mitatu. Chakula cha mchana kipo chini ya serikali ya mji, na miji mingi hupanga bei yake kulingana na kipato cha familia. Watoto wanakaa meza moja na kula chakula kimoja, ingawa wazazi wao wamelipa viwango tofauti.

Nani alipe

Hoja ya kumtaka mzazi alipe ni kwamba mtoto ni wake na nafuu ya muda ni yake. Hoja ya kumtaka mlipakodi alipe ni kwamba faida huvuka kizingiti cha nyumba. Mtoto aliyeandaliwa vizuri harudii darasa, na mama mwenye kazi ya uhakika hununua, huweka akiba na hulipa kodi. Binti mkubwa naye hubaki shuleni kwa sababu mdogo wake ana mtu wa kumwangalia. Malezi bora ya mwanzo hupunguza gharama ambazo taifa lingezibeba miaka ishirini baadaye.

Hoja zote mbili zina nafasi zikitenganishwa kwa makusudi. Saa za kujifunza ni elimu, na elimu ya lazima haiwezi kuwa na bei mlangoni. Zinapaswa kulipiwa na serikali yote kwa yote: mshahara, chumba na zana. Saa za malezi kabla na baada ya masomo zinaweza kuchangiwa kwa kadiri ya kipato, kama Ontario. Mwajiri naye ana sehemu yake, kwa kuwa kiwanda au shamba kubwa lenye mamia ya wafanyakazi wanawake linanufaika na utulivu wao wakiwa kazini.

Chakula kiko katikati, na hapo ndipo pa kuwa makini zaidi. Vijijini Tanzania wazazi huchanga mahindi, maharage, kuni na posho ya mpishi. Utaratibu huo hufanya kazi vizuri mwaka wa mavuno mema na huvunjika mwaka wa ukame, yaani wakati mtoto anapouhitaji zaidi. Jiji la Nairobi lilijaribu njia nyingine mwaka 2023 kwa mpango wa Dishi na County. Mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, na kaunti pamoja na washirika hubeba gharama iliyobaki. Mtoto hugusisha bangili yake kwenye kifaa cha malipo na kupewa chakula kama wenzake, bila kutangaziwa foleni nzima ni nani kalipa na nani bado. Fungu la kudumu la serikali kwa ajili ya chakula, na mchango mdogo wa mzazi juu yake, ni msingi imara kuliko mchango mtupu. Kwa vyovyote, mtoto asirudishwe nyumbani wala kunyimwa uji kwa deni la mzazi wake.

Swali la mwisho ni fedha zitoke wapi. Katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Tashkent, Uzbekistan, Novemba 2022, nchi zilikubaliana kulenga angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu kwa elimu ya awali. Bila fungu lake lenyewe, darasa la awali litaendelea kupewa mabaki ya shule ya msingi: chumba kilichochakaa, au mwalimu aliyekuwa anasubiri kustaafu.

Mpangilio unaowezekana

Nchi yenye darasa la watoto 90 na mwalimu mmoja haina sababu ya kukimbilia siku nzima. Kazi ya kwanza ni kuipa nusu siku ubora wake: mwalimu aliyefunzwa, kundi dogo, zana za kuchezea na uji wa kila siku. Perry inathibitisha kwamba saa mbili na nusu za namna hiyo zinaweza kubadili maisha. Kazi ya pili ni kuanza siku nzima pale penye uhitaji mkubwa, yaani mitaa ya wafanyakazi wa viwandani, maeneo ya mashamba makubwa na vijiji vilivyo mbali na shule, kwa kuongeza mlezi wa pili na chakula cha mchana kinacholipiwa na umma. Kazi ya tatu ni kupanua mwaka hadi mwaka kwa kasi ambayo bajeti ya walimu inaweza kuihimili, huku wazazi wenye uwezo wakichangia saa za malezi tu.

Utaratibu wa kuepukwa kuliko wote ni ule wa Colorado kabla ya 2019, ambapo shule ya umma iliuza nusu ya pili ya siku kwa anayemudu. Ukanda wetu unaukaribia kila mara shule ya serikali inapoanzisha masomo ya mchana ya kulipia kwa watoto wa awali. Mtoto anayezihitaji saa hizo zaidi ndiye ambaye mzazi wake hawezi kuzinunua, na kwa ajili yake ndipo fedha ya umma inapopaswa kutumika kwanza.